Mahali pa Kutazama katika Nchi ya Upare

Msafiri atokaye Tanga kwenda Moshi huiona Milima ya Upare mkono wake wa kuume kwa muda mrefu. Wengi huipita tu, kwa kuwa macho yao yanatafuta theluji ya Kilimanjaro iliyo mbele. Wakifika mji wa Same hununua ndizi au maji, kisha huendelea na safari. Hawajui ya kuwa wameacha nyuma yao nchi yenye mambo mengi ya kutazamwa.

Milima hii imegawanyika sehemu mbili. Upare wa Kaskazini uko katika wilaya ya Mwanga, na Upare wa Kusini katika wilaya ya Same. Wenyeji hujiita Vaasu, na lugha yao ni Chasu. Milima yenyewe ni ya kale sana. Ni sehemu ya mstari mmoja wa milima uanzao Taita katika Kenya, ukapita Upare na Usambara, hata ukafika Udzungwa. Kilimanjaro, ambao ni mlima uliotokana na moto wa chini ya ardhi, ni kijana tu mbele ya milima hii.

Jambo la kwanza la kutazama ni tofauti ya uwanda na mlima. Hapo Same nchi ni kavu. Miiba, mibuyu na mkonge ndiyo mimea ionekanayo. Lakini mtu akipanda mlimani kwa saa chache hukuta migomba, mahindi, mito ya maji baridi, na ukungu wa asubuhi. Sababu yake ni hii. Upepo utokao Bahari ya Hindi huleta mvuke. Ukifika mlimani hulazimika kupanda, na ukipanda hupoa, na mvuke ukipoa hugeuka mawingu na mvua. Basi mvua nyingi hunyesha upande wa mashariki na juu mlimani. Upepo ukishuka upande wa magharibi umekwisha kuacha maji yake. Kwa hiyo watu wa chini hutegemea maji yashukayo kutoka juu.

Wazee wa Upare waliyajua hayo zamani, nao wakatengeneza ndiva. Ndiva ni bwawa dogo lijengwalo kwa udongo na mawe kando ya mlima. Maji ya kijito huongozwa kwa mfereji mpaka ndani yake, yakajikusanya usiku kucha watu wakiwa wamelala. Asubuhi mlango wa ndiva hufunguliwa, na maji hushuka mashambani kwa nguvu, kila mtu kwa zamu yake. Kama maji ya kijito yangeachwa yatiririke kidogo kidogo mchana, yangenywewa na udongo kabla ya kufika shamba la mbali. Yakikusanywa kwanza, hufika. Mfereji ukibomoka au ndiva ikijaa tope, watu wote wenye zamu huitwa kufanya kazi pamoja. Ndiva za namna hiyo zaonekana hata leo, kama katika kijiji cha Bangalala. Mwenye kuzitazama hufahamu vema maana ya neno lile, akiba haiozi.

Tena Wapare walikuwa mafundi hodari wa chuma. Katika Ugweno, upande wa kaskazini, ukoo wa Washana ulisifiwa sana kwa kuyeyusha na kufua chuma. Majembe na silaha zao ziliuzwa hata kwa Wachaga, walio jirani zao. Vilevile katika Upare wa Kaskazini yako mashamba madogo ya miti mirefu ambayo hayakukatwa tangu kale. Mengine huitwa mpungi, ndipo mahali pa heshima palipowekwa mafuvu ya wazee wa ukoo. Mengine huitwa mshitu, ndipo vijana walipofundishwa mila. Mgeni asiingie humo bila ruhusa ya wenyewe.

Mtu akitaka kupanda Upare wa Kusini, na aende Mbaga. Huko kuna mapango ya Mghimbi. Wenyeji husimulia ya kuwa miaka ya 1860, wakati wa biashara ya watumwa, watu walijificha humo pamoja na watoto wao. Mbele yake liko jiwe kubwa liitwalo Malameni. Husimuliwa ya kuwa hapo kale watoto walitolewa sadaka juu ya jiwe hilo ili kuondoa mabaya, na kwamba desturi hiyo haikukoma mpaka miaka ya 1930. Wageni husikiliza habari hiyo kwa huzuni. Wenyeji hawaifichi, maana watu wakificha makosa ya kale hawawezi kuwafundisha watoto wao.

Juu zaidi uko msitu wa Chome, na ndani yake kilele cha Shengena, chenye urefu wa mita 2,462 hivi juu ya bahari. Ndicho kilele kirefu kuliko vyote vya Upare. Msitu huo, wenye hekta zaidi ya 14,000, umewekwa kuwa hifadhi. Humo hukaa ndege mdogo wa rangi ya kijani kibichi na kijivu, mwenye duara nyeupe kuzunguka jicho, ambaye haonekani mahali pengine po pote duniani ila katika milima ya Upare ya Kusini. Humo pia imo miti mikubwa ya kafuri ya Afrika ya Mashariki, ambayo ubao wake hupendwa sana. Kwa ajili ya kupendwa huko miti mingi ilikatwa kwa misumeno, na hata ilipokatazwa, wengine waliikata kwa siri.

Hasara ya kuharibu mlima si ndogo. Msitu ni kama sifongo: hupokea mvua yote kwa mara moja, kisha huitoa polepole katika chemchemi. Mizizi nayo hushika udongo. Mahali penye mteremko mkali, mvua kubwa mno ikinyesha, udongo huweza kuporomoka kama uji. Mwezi wa Novemba 2009 mvua kubwa ilinyesha katika Mamba Miamba, na mlima ukaporomoka juu ya nyumba za kijiji cha Goha. Watu zaidi ya 20 wakafa. Leo Mamba yajulikana sana kwa tangawizi ilimwayo huko, lakini wenyeji hawajasahau siku ile.

Huko Mamba pia iko Giti, ambapo mwaka 1903 wamisionari wawili Wajerumani, Johannes Ehlers na Abraham Enns, walianza misheni ya Waadventista, ya kwanza katika nchi hii. Waliiita Friedensthal, maana yake Bonde la Amani. Miaka kumi na mitatu baadaye amani hiyo ilivunjika. Mwezi wa Mei 1916 majeshi ya Waingereza yakiongozwa na Jenerali Smuts yalishuka kando ya reli na Mto Pangani yakiwafuata Wajerumani, na nchi ya Upare ikapata mabwana wengine.

Mabwana hao nao walijifunza jambo kutoka kwa Wapare. Wakati wa Vita Kuu ya pili serikali ilileta kodi mpya iliyoitwa mbiru. Kila mtu alipimiwa kodi yake kwa kadiri ya mali yake. Watu hawakukataa kulipa kodi. Walikataa kupimiwa kwa namna wasiyoifahamu, ambayo mmoja angeweza kuonewa na mwingine kupendelewa. Mwezi wa Januari 1945 maelfu yao walishuka milimani, wakakusanyika Same penye ofisi za serikali. Hawakushika mikuki wala pinde. Walikaa pale siku nyingi wakingoja kusikilizwa. Mwaka 1946 wanawake wa Usangi nao wakaingia katika shauri hilo, wakilalamika ya kuwa waume wao wametengwa na nyumba zao muda mrefu. Mwishowe serikali ikaiacha kodi ile. Basi atembeaye Same akumbuke ya kuwa uwanja wake uliwahi kujaa watu walioshinda kwa saburi.

Mwendo wa kilomita chache kutoka Same liko lango la Zange, la kuingilia Hifadhi ya Mkomazi. Husemwa ya kuwa jina hilo la Kipare lina maana ya kijiko cha maji, kwa sababu ya uchache wa maji yake. Nchi hii ilitengwa kwa wanyama mwaka 1951, nayo ikawa hifadhi ya taifa mwaka 2008. Wafugaji waliolisha ng'ombe wao humo waliondoshwa mwaka 1988, na jambo hilo liliwauma sana. Tembo, twiga, choroa na swala twiga hutembea humo, na ndege ni zaidi ya aina 400. Vifaru weusi walikwisha kwa mikono ya majangili, lakini mwaka 1997 wengine waliletwa kutoka Afrika ya Kusini, wakawekwa ndani ya boma lenye ulinzi, nao wamezaa.

Hayo ndiyo machache ya nchi ya Upare. Mwenye macho haambiwi tazama; lakini aliyezaliwa chini ya mlima mara nyingi hauoni, kwa kuwa ameuzoea. Mtoto anywaye maji ya mfereji na aulize yametoka wapi, na ni nani aliyechimba mfereji ule. Ataambiwa apande. Naye akipanda, atakuta ndiva, na juu ya ndiva kijito, na juu ya kijito msitu. Hapo atafahamu ya kuwa kuutunza mti wa Shengena ni kulitunza shamba la mtu aliye bondeni, ambaye pengine hatamwona kamwe.