Si kila aliye 'late' amechelewa

SENTENSI ya maneno manne inatosha kuzua mkanganyiko. Mfanyakazi aliyefiwa na mzazi wake anamwandikia mwajiri aliyeko London: "My father is late." Kwa msomaji wa Dar es Salaam, Nairobi au Gaborone, ujumbe huo unaeleweka mara moja kuwa baba amefariki dunia. Kwa Mwingereza, baba amechelewa tu, pengine amekwama kwenye foleni ya magari. Mfiwa anayesubiri rambirambi anaweza kujibiwa kwa swali: atafika saa ngapi?

'Late' ni miongoni mwa maneno ambayo mwanafunzi wa Kiingereza hufundishwa mapema, na huenda ndiyo sababu halichunguzwi tena baadaye. Vijana wa mijini wamelivika hata viambishi vya Kiswahili, wakisema "nimelate" pasipo kufikiria asili yake.

Katika Kiingereza cha kale, neno hilo lilimaanisha kilicho kizito au cha polepole. Humo ndimo ilimozaliwa maana ya kuchelewa. Maana ya mauti ilifuata karne kadhaa baadaye.

Kinachozitofautisha maana hizo mbili ni nafasi ya neno katika sentensi. Likitanguliwa na 'the' na kufuatiwa na jina, linamtaja marehemu: "the late Julius Nyerere" ni Mwalimu Nyerere, aliyefariki dunia mjini London Oktoba 14, 1999. Likija baada ya kitenzi, kama katika "he is late", Kiingereza cha Uingereza hulichukulia kuwa ni kuchelewa, basi.

Hata hivyo, matumizi ya "is late" kwa maana ya kifo si ya kubezwa. Yamezoeleka Afrika Mashariki na Kusini mwa Afrika, kiasi kwamba mwandishi Alexander McCall Smith aliyatia vinywani mwa wahusika wake wa Botswana katika riwaya za mpelelezi wa kike alizoanza kuzichapisha mwaka 1998. Lakini ni matumizi ya eneo. Anayeandika barua ya kwenda ng'ambo atakuwa salama zaidi akitumia 'died' au 'passed away'.

Kosa la wazi ni jingine, nalo hujitokeza katika wasifu unaosomwa misibani: "The late was born in 1940." Hiyo ni tafsiri ya moja kwa moja ya "Marehemu alizaliwa mwaka 1940". Katika Kiswahili 'marehemu' husimama peke yake. 'Late' haiwezi, sharti ifuatwe na jina. Neno linalofaa hapo ni 'the deceased'.

Aidha, maneno hayo mawili hayabebi uzito mmoja. 'Marehemu' limetoka katika Kiarabu, na mzizi wake ni ule ule wa 'rehema'. Ndani yake mna dua. 'Late' halina dua yoyote. Linaeleza tu kwamba mtu huyo alikuwapo hadi miaka ya karibuni, ndiyo maana hakuna anayesema "the late Shakespeare", mtu aliyefariki mwaka 1616. ('Hayati', linalotokana na neno la Kiarabu lenye maana ya uhai, lina ubishi wake, ambao ni makala nyingine.)

Nje ya msiba, neno hilo huenda lisiguse uchelewaji hata kidogo. "The late 1960s" ni mwishoni mwa miaka ya 1960. Mwanamke anayemnong'oneza mumewe "I'm late" huenda hazungumzii saa wala kazi, bali siku zake ambazo hazijaonekana.

Mwenye kueleza kwamba alifika kazini kwa kuchelewa aandike "I came late". Akiandika "I came lately", atakuwa amesema alikuja hivi karibuni.

Jozi ya mwisho ni 'last' na 'latest', ambazo kihistoria ni neno moja lililogawanyika. Mwandishi anayetaja "my last book" anaweza kueleweka kuwa ameweka kalamu chini. "My latest book" ni kitabu chake kipya kabisa, na kingine kinaweza kufuata.