Watu 89 na Kiti cha New York

Matokeo ya sensa ya Marekani ya mwaka 2020 yalipotangazwa Aprili 2021, jimbo la New York lilipokonywa kiti kimoja katika Baraza la Wawakilishi, likabaki na 26. Lau wangehesabiwa huko watu 89 zaidi, na majimbo mengine yakabaki yalivyo, kiti hicho kisingeondoka. Katika sensa hiyo New York ilikuwa na watu zaidi ya milioni 20.

Kiti kilikwenda Minnesota, kwa hesabu ambayo mwanafunzi wa sekondari anaiweza. Viti vyote ni 435. Kila jimbo kati ya yale 50 hupata kimoja kwa amri ya katiba, kisha 385 vilivyosalia hugombewa kimoja kimoja. Idadi ya watu wa jimbo hugawanywa kwa kipeuo cha pili cha zao la namba mbili: viti lilivyokwisha kupata, na kile linachokitafuta. Minnesota, yenye watu 5,709,752, ilikuwa na 7 ikitafuta cha 8. Saba mara nane ni 56, kipeuo chake ni kama 7.483, na jawabu ni 762,998. New York ilikuwa ikitafuta cha 27, ikapata 762,994. Mwenye namba kubwa huchukua, na hicho kilikuwa kiti cha mwisho.

Ugomvi wa kugawana viti ni wa tangu zamani, kwa sababu mbunge hakatwi vipande. Mwaka 1792 Rais George Washington alitumia kura ya turufu kwa mara ya kwanza katika historia ya nchi hiyo, akakataa mgao uliofuata hesabu ya Alexander Hamilton; ikapita ile ya Thomas Jefferson. Hesabu ya Hamilton ilirudi baadaye, ikazua kioja. Baada ya sensa ya 1880, karani mkuu wa sensa, C. W. Seaton, aligundua kuwa Baraza likiwa na viti 299, Alabama ingepata 8. Likiongezwa kimoja liwe na 300, Alabama ingebaki na 7!

Kanuni ya leo, iliyopitishwa mwaka 1941, haina kioja hicho. Lakini mwaka 1982 Michel Balinski na Peyton Young walichapisha uthibitisho kwamba hakuna kanuni inayoweza kuepuka vioja vyote vya aina hii na wakati huohuo kulipa kila jimbo haki yake kwa kadiri ya watu wake, bila kuipita au kuipunguza kwa kiti kizima.

Kwa hiyo kanuni isilaumiwe sana. Kinachoumiza zaidi ni ile 435, iliyowekwa kwa sheria ya 1911, nchi ikiwa na watu wapatao milioni 92. Sasa wamepita milioni 330, na kwa sensa ya 2020 mbunge mmoja kwa wastani aliwakilisha watu 761,169. Delaware, iliyohesabiwa watu 990,837, ilipata mbunge mmoja. Montana, iliyohesabiwa 1,085,407, ilipata wawili. Kuongeza viti kunahitaji sheria ya kawaida tu, wala katiba haiguswi. Imewahi kufanyika: Alaska na Hawaii zilipojiunga na Marekani kama majimbo mwaka 1959, viti vilifika 437, kisha vikarudishwa 435 baada ya sensa iliyofuata.