Je, Wajua? Shabunda inakaribia Rwanda nzima kwa ukubwa

Teritwari ya Shabunda, nchi ya Warega magharibi ya Bukavu, ina zaidi ya kilomita za mraba 25,000. Hakuna teritwari kubwa kuliko hiyo katika jimbo la Kivu Kusini. Sehemu kubwa ni msitu mnene, na ndani yake mito Ulindi na Elila inateremka kuelekea mto Lualaba.

Udongo wake una dhahabu na kasiteriti, madini yanayotoa bati. Mwaka 2014 na 2015 mashine za kufyonza mchanga, watu wa huko huziita dragi, zilijaa mtoni Ulindi. Shirika la Global Witness lilikadiria mwaka 2016 kuwa thamani ya dhahabu ya huko ilifikia dola milioni 38 kwa mwaka. Barabara je? Hiyo haikunufaika. Magari hukwama kwenye matope, kwa hiyo ndege ndogo hupeleka chumvi, sabuni na mafuta, na zikirudi hubeba magunia ya madini. Mkulima mwenye mihogo, mpunga na mawese hana nauli ya ndege. Mzigo wake huenda mgongoni au kwa baiskeli. Na kwa kuwa chumvi huja kwa ndege, huko Shabunda huuzwa ghali kuliko Bukavu.