Je, Wajua? Nta ya Nyuki Huhifadhi Picha za Ibada
Je, wajua kuwa nta kama ile ambayo warina asali wa Machakos huipata katika mizinga yao imetumiwa kuchora picha takatifu tangu kale? Mchoraji huiyeyusha kwa joto la takriban nyuzi 65 za Selsiasi, huichanganya na rangi ya unga, kisha huipaka ubaoni ingali ya moto. Katika monasteri ya Mtakatifu Katarina, chini ya Mlima Sinai nchini Misri, picha ya Kristo iliyochorwa hivyo katika karne ya 6 ipo hadi leo. Nta hustahimili unyevu, nazo rangi hudumu. Mrina asali, usitupe masega. Msanii wa Machakos, malighafi unayo nyumbani.