Kusomea Biashara: Upana Unaofaa Kesho na Kukwamisha Leo

Matangazo ya ajira serikalini Tanzania yana sharti ambalo wanafunzi wengi wa biashara huja kulisoma kwa makini wakiwa wameshahitimu. Nafasi ya mhasibu, kwa mfano, huwa wazi kwa mwenye shahada ya biashara, ila awe amejiimarisha katika uhasibu. Nafasi ya afisa ugavi humtaka mwombaji awe amesajiliwa na Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi, PSPTB. Aliyesoma utawala wa biashara kwa jumla, akafaulu kila somo bila kushika hata moja kwa kina, hujikuta ana cheti kinachoheshimika lakini hana nafasi anayoweza kuiomba.

Kozi haina kosa. Elimu hii ilijengwa iwe pana, na upana huo humfaa sana mtu anapopandishwa cheo, ila humpunguzia nguvu anapobisha hodi kazini kwa mara ya kwanza. Anayelijua hilo mapema hupanga masomo yake tofauti.

Njia za kuingia ni kadhaa. Mhitimu wa kidato cha nne mwenye ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini huanzia astashahada ya awali, ngazi ya 4 katika mfumo unaosimamiwa na Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi, NACTVET, kisha hupanda hadi stashahada, ngazi ya 6. Wa kidato cha sita aliyekosa sifa za kwenda moja kwa moja shahada huweza kuingilia ngazi ya 5. Mwenye stashahada yenye GPA ya 3.0 au zaidi anaweza kuomba shahada, ambayo kwa kawaida huchukua miaka mitatu. Vyuo navyo havifanani kwa asili: Chuo cha Elimu ya Biashara, CBE, kilianza mwaka 1965, wakati taifa changa lilipohitaji watu wa kuendesha biashara na viwanda; Chuo cha Usimamizi wa Fedha, IFM, kikafuata mwaka 1972 kikielekea benki, bima na kodi.

Masomo ya mwaka wa kwanza hufanana karibu kila mahali: uhasibu, uchumi, masoko, sheria ya biashara, takwimu, rasilimali watu. Mwanafunzi huyaona kama vipande visivyohusiana. Uhusiano wake huonekana vizuri ndani ya biashara moja, tuseme kiwanda kidogo cha kukamua alizeti mkoani Singida.

Alizeti huvunwa kwa msimu, lakini mafuta huliwa mwaka mzima. Kwa hiyo kiwanda lazima kinunue mbegu nyingi bei ikiwa chini, na fedha zake zilale stoo kwa miezi. Kiasi gani kinunuliwe, kwa nani, kihifadhiwe vipi: hayo ni ununuzi na ugavi. Mashine ikikamua, hutoa mafuta na mashudu, na mashudu huuzwa kwa wafugaji. Gharama ya mbegu igawanywe vipi kati ya bidhaa hizo mbili ili bei ya dumu la mafuta isiwe ya kubahatisha? Hapo zinahitajika hesabu za gharama. Mafuta ya mawese kutoka nje yakishuka bei, mteja ashawishiwe kwa lipi abaki na alizeti? Hayo ni masoko. Vibarua wa msimu nao wana haki zao kisheria, na hilo humwangukia mtu wa rasilimali watu.

Sasa tuchukulie kiwanda hicho kimeuza mafuta ya shilingi milioni 12 katika mwezi mmoja, na gharama za kuyazalisha ni milioni 9. Daftari linaonyesha faida ya milioni 3. Lakini wenye maduka ya jumla wamechukua mzigo kwa mkopo. Taslimu iliyoingia ni milioni 5 tu, na mishahara, umeme na rejesho la benki vinadai milioni 7. Mwezi wa faida umeishia na pengo la milioni 2. Muuzaji anasherehekea mauzo, mhasibu anaona faida, na mwenye mali hana pesa ya kulipa vibarua. Meneja ndiye anayepaswa kuyaona yote matatu kwa pamoja, na kumwandaa mtu kwa kiti hicho ndilo lengo la kozi ya utawala wa biashara.

Tatizo ni kwamba kiti hicho hapewi mgeni. Kazi za mwanzo ni za fungu moja: afisa mikopo anayefuatilia marejesho ya vikundi, afisa mauzo mwenye eneo lake la kuzungukia maduka, mtunza stoo, msaidizi wa hesabu, au afisa biashara wa halmashauri anayeshughulikia leseni. Mwajiri huuliza swali jepesi: huyu ataweza kufanya nini Jumatatu asubuhi? Kujibu kwamba unajua kidogo kuhusu kila kitu hakumsaidii.

Ndiyo maana bodi za taaluma zina uzito mkubwa. Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA, ina mitihani inayofikisha kwenye sifa ya uhasibu ya CPA. PSPTB ina ya kwake kwa watu wa ugavi. Mitihani hii ni migumu na ina ada yake, lakini humpa mhitimu utambulisho ambao cheti cha chuo pekee hakiutoi. Masoko na mauzo hayana mlango wa aina hiyo. Huko kinachopima ni rekodi ya ulichouza.

Mafunzo kwa vitendo, yale ambayo wanafunzi huyaita fildi, nayo huchezewa sana. Wengi huridhika kutoa nakala za nyaraka na kugongewa muhuri kitabuni. Anayeomba ajifunze kulinganisha taarifa ya benki na daftari la fedha, au kuhesabu mali ya stoo na kueleza upungufu, hutoka na jambo la kulisemea kwenye usaili.

Wapo watakaojiajiri, na kwao upana wa kozi hulipa tangu mwanzo, kwa kuwa mwenye duka ndiye mnunuzi, muuzaji, mhasibu na msimamizi wa watu kwa wakati mmoja. Hata hivyo, darasa halitoi mtaji wala wateja. Linachotoa ni uwezo wa kujua mapema kwamba biashara inavuja, na inavujia wapi.

Ushauri unaotokana na haya si kukimbilia kozi finyu. Ni kuingia kwenye kozi pana ukiwa na fungu moja utakalolizamia kuanzia mwaka wa pili: uhasibu, ugavi, masoko au rasilimali watu. Kabla ya kujaza fomu, mzazi na kijana wakiulize chuo maswali matatu. Je, kozi ina michepuo? Shahada hii inasamehewa mitihani ipi ya bodi? Wanafunzi hupelekwa wapi fildi, na nani huwakagua? Majibu ya maswali hayo yatawaeleza mengi kuliko jina la chuo.