Biharamulo chakula kipo, kibakuli cha mtoto kina nini?

Kijiko kikichovywa kwenye uji wa mtoto na kuinuliwa, hutokea moja kati ya mawili. Uji ukichuruzika kama maji, mtoto atakunywa bakuli zima, tumbo litajaa, na muda si mrefu ataanza kulia tena. Ukiganda kijikoni na kudondoka kwa kusuasua, mtoto huyo amekula. Wauguzi wa kliniki za mama na mtoto wanakipenda kipimo hiki kwa kuwa hakihitaji mizani wala pesa. Wanakihitaji pia, maana vijijini Tanzania, zikiwamo wilaya za Biharamulo na Ngara mkoani Kagera, uji mwepesi wa mahindi wenye sukari ndio chakula cha kwanza cha watoto wengi, na wapo wanaokaa nao miezi bila kuonja kingine.

Si kwamba chakula hakuna. Ukishuka sokoni Biharamulo utakuta mikungu ya ndizi, maharage, mahindi, muhogo, viazi vitamu na karanga. Dagaa wa Ziwa Victoria huingia kutoka upande wa Chato, eneo ambalo lilikuwa sehemu ya wilaya hii hadi 2005. Lusahunga na Nyakanazi, malori ya kwenda Rwanda, Burundi na Kigoma yanapopishana, mtu hula usiku na mchana. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015/16 ulikuta karibu asilimia 42 ya watoto wa Kagera walio chini ya miaka mitano wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko umri wao unavyotaka. Mwaka 2022 kiwango kilishuka hadi asilimia 34, wakati cha taifa kilikuwa asilimia 30. Kagera haiko peke yake. Iringa na Njombe, mikoa inayojaza maghala ya nchi, zaidi ya nusu ya watoto wake walikuwa wamedumaa mwaka huohuo. Ghala limejaa, ila njia kutoka ghalani hadi kwenye kibakuli cha mtoto wa miezi minane ina kona nyingi.

Kona ya kwanza ni haraka. Mtoto wa miezi mitatu akilia sana usiku, bibi yake husema maziwa ya mama hayamtoshi, na mama mkwe akishasema, mke kijana atabisha vipi? Huanza maji, kisha chai ya rangi, kisha uji. Ushauri wa Shirika la Afya Duniani tangu 2001, ambao Tanzania inaufuata, ni maziwa ya mama pekee hadi miezi sita itimie, bila hata maji, kwa kuwa zaidi ya asilimia 80 ya maziwa hayo ni maji tayari, hata jua liwe kali namna gani. Mwaka 2022, asilimia 64 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miezi sita walikuwa wakinyonya tu. Waliobaki walishaonjeshwa kingine.

Mkoani Kagera jambo hili lina uzito wa pekee. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa hapa 1983, na kwa miaka mingi mama mwenye VVU alipewa ushauri uliobadilikabadilika: asinyonyeshe, au anyonyeshe kidogo kisha aache ghafla. Mwaka 2007 utafiti uliofanyika KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, ulionyesha kuwa watoto wa mama wenye VVU waliopewa vyakula vigumu juu ya maziwa ya mama katika miezi ya mwanzo walikuwa na hatari ya kuambukizwa karibu mara 11 ya wale walionyonya tu. Tangu 2010 ushauri umetulia: mama ameze dawa zake, anyonyeshe pekee miezi sita, kisha aanze kumlikiza mtoto, yaani kumpa vyakula vya nyongeza, huku akiendelea kumnyonyesha. Kile kijiko cha uji cha mwezi wa tatu, ambacho bibi anakitoa kwa mapenzi yote, hapo si jambo dogo.

Kona ya pili ni kuchelewa kumpa mtoto chakula cha kutosha, nayo haisemwi sana. Madini ya chuma ambayo mtoto huzaliwa nayo huanza kupungua mwilini karibu na mwezi wa sita, na maziwa ya mama, kwa uzuri wake wote, hayawezi kuyafidia. Katika miezi 6 hadi 8 mtoto anahitaji kilokalori kama 200 kwa siku juu ya anachonyonya; baada ya mwaka mmoja zinafika 550. Tumbo lake lakini ni dogo: kikombe kimoja, limejaa. Hesabu ndiyo hiyo. Kikombe cha uji wa kuchuruzika kinaweza kuwa na nguvu pungufu kuliko kikombe cha maziwa ya mama, kwa hiyo kila mtoto anapojazwa uji huo ananyang'anywa nafasi ya kunyonya.

Na mama anaweka maji mengi kwa sababu nzuri tu: uji mzito mtoto anautema.

Dawa ya tatizo hili ilitafutwa hapahapa Tanzania. Taasisi ya Chakula na Lishe, iliyoanzishwa 1973, ilikuwa na watafiti waliojiuliza kwa nini wapika pombe wa kienyeji wanaweza kuugeuza uji mzito ukawa mwepesi bila kuongeza tone la maji. Mwaka 1983 Mosha wa Tanzania na Svanberg wa Sweden walichapisha majibu yao. Siri ni kimea. Ulezi huloekwa usiku kucha, huachwa uchipue siku mbili tatu, hukaushwa na kusagwa. Uji hupikwa mzito wa kusimamisha mwiko, huepuliwa na kuachwa upoe kidogo, kisha kijiko kimoja cha unga wa kimea hukorogewa humo. Baada ya dakika chache uji unalegea mbele ya macho yako, mwiko unaanguka, na nguvu yote iliyokuwamo bado imo. Vimeng'enya vya mbegu iliyochipua vimekata wanga. Uji ukiwa bado unatokota vimeng'enya hufa na kimea hakifanyi kitu. Ndiyo maana ya kusubiri upoe. Kwa mtama kuna tahadhari zaidi, kwani machipukizi na mizizi yake ina kemikali inayotoa sayanidi, hivyo huondolewa kabla ya kusaga.

Ni maarifa ya kisayansi yenye miaka arobaini, yanayojulikana kwa wapika pombe kuliko kwa mama wanaolikiza. Aibu hiyo si ya kina mama.

Mahali pa kimea pamechukuliwa na unga wa lishe. Kwenye vibanda vya mitaani utauzwa mfuko wenye mahindi, mchele, ngano, ulezi, mtama, soya, karanga na mbegu za maboga, kana kwamba wingi wa nafaka ndio lishe yenyewe. Nafaka tano ni wanga uleule mara tano. Soya ambayo haikuchemshwa au kukaangwa vizuri kabla ya kusagwa ina viini vinavyozuia tumbo kumeng'enya protini. Mwaka 1994, baada ya Wanyarwanda robo milioni hivi kuvuka daraja la Rusumo ndani ya takriban saa 24 na kutua Ngara, watoto wa kambi za wakimbizi kama Benaco walisaidiwa na mchanganyiko wa mahindi na soya. Unga wa namna hiyo ulikuwa umepikwa kiwandani kabla ya kufungwa magunia, na kuongezewa vitamini na madini. Wa kibandani hauna hakikisho hilo. Halafu kuna sumukuvu: karanga na mahindi yaliyoanikwa chini na kuhifadhiwa na unyevu huota ukungu wenye sumu ambayo moto wa jikoni hauiondoi. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu wapatao 20 Dodoma na Manyara. Kwa mtoto mdogo, hata kiasi kisichoua kinahusishwa na kudumaa. Mama anayenunua karanga zake mwenyewe, akachambua zilizokunjamana na zenye rangi ya ukungu kabla ya kusaga, yuko salama kuliko anayenunua mfuko asioujua umetoka wapi.

Kwa kweli Biharamulo haihitaji mfuko. Ndizi zinachemka sufuriani na maharage yanaiva jiko la pili. Kinachotokea mara nyingi ni kwamba mtoto anapewa ndizi iliyolowekwa kwenye mchuzi wa maharage, na maharage yenyewe yanabaki kwa wakubwa, eti yatamjaza gesi. Mchuzi ni maji yenye rangi na chumvi. Maharage yaliyomenywa ganda, yakapondwa kwa mgongo wa kijiko pamoja na ndizi na tone la mafuta, ni mlo kamili kuliko unga wowote wa kibandani. Dagaa wakitolewa vichwa, wakaoshwa mchanga, wakakaushwa na kutwangwa, unga wao hukaa kwenye kopo na kijiko kimoja kinatosha kwa mlo. Kiazi lishe, kile chenye nyama ya rangi ya chungwa, hupondeka chenyewe na kina vitamini A. Aina yake moja, Kabode, ilitoka kwa watafiti wa Uganda, na mmoja wao, Robert Mwanga, alikuwa kati ya wanne waliopewa Tuzo ya Chakula Duniani 2016. Yai lipewe nafasi yake, hata kama zipo jamii zinazosema linamchelewesha mtoto kusema. Asali peke yake ndiyo isubiri mwaka utimie, kwa kuwa inaweza kubeba vimelea vinavyomlegeza mtoto mchanga hadi kupooza.

Kipimo kinachotumika sasa ni makundi manane ya chakula, maziwa ya mama yakiwa mojawapo, na mtoto wa miezi 6 hadi 23 anatakiwa apate angalau matano kwa siku. Ndizi, maharage, dagaa, kipande cha papai na titi la mama: yametimia, na hakuna hata kimoja kilichopita mpaka wa wilaya mbali sana.

Kona ngumu kuliko zote ni muda. Mvua zikianza, mama yuko shambani tangu alfajiri. Uji wa asubuhi unaachwa kwenye chupa ya chai, na mlishaji ni dada wa miaka minane ambaye naye ana njaa. Uji wa vuguvugu wa mchana kutwa ni kitalu cha vimelea, na kuharisha huondoa kile kidogo kilicholiwa. Wazee walikuwa na jibu lao, togwa: uji uliochachuliwa, ambao uchachu wake huzuia vijidudu. Kingamkono na wenzake walichunguza watoto wa Iringa na mwaka 1999 wakaripoti kuwa waliokunywa togwa walikuwa na bakteria wachache wa kuharisha kuliko wenzao. Leo togwa inaonekana ya kizamani, na chupa ya chai inaonekana ya kisasa.

Mtoto akikonda, mtaani lipo jibu jingine: amebemendwa. Yaani wazazi wamekosa uaminifu, au wamerudiana kabla ya wakati, na mtoto ndiye anayelipa. Mama anayejua kuwa atasemwa hivyo huficha mtoto, hampeleki kliniki, na wiki zinapita. Vivyo hivyo akishika mimba nyingine humwachisha huyu mara moja kwa kuhofia maziwa yameharibika, wakati hayajaharibika.

Gharama ya lishe duni utotoni imepimwa Kagera kwenyewe. Kuanzia 1991 hadi 1994 Benki ya Dunia na watafiti wa Tanzania walifuatilia zaidi ya kaya 900 za mkoa, Biharamulo na Ngara zikiwamo, na 2004 wakawatafuta tena watu walewale. Uchambuzi wa Alderman, Hoogeveen na Rossi, uliochapishwa 2009, ulikuta kuwa waliokuwa na lishe duni utotoni walichelewa kuanza shule na waliishia madarasa ya chini kuliko wenzao.

Serikali nayo imeweka saini. Septemba 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alisainiana na wakuu wa mikoa mkataba wa lishe, na halmashauri zinatakiwa kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano kwa mwaka. Vijijini fedha hiyo huonekana kwenye siku ya afya na lishe ya kijiji kila robo mwaka, mizani ikining'inizwa mtini na utepe wa rangi tatu ukizungushwa mkononi mwa mtoto. Utepe hukamata waliokonda. Aliyedumaa mara nyingi ni mnene wa kutosha na anacheka, kwa hiyo lazima alazwe kwenye ubao na kupimwa urefu, kazi inayotaka watu wawili na mtoto asiyerusha miguu. Kwenye foleni ndefu ndiyo huachwa kwanza.

Ipo pia kalenda ya sindano. Chanjo ya surua hutolewa mwezi wa tisa na kurudiwa mwezi wa 18. Katikati hapo hakuna chanjo ya kumvuta mama, na wengi huona safari ya kliniki haina maana tena, ingawa miezi hiyo tisa ndiyo mtoto anahama kutoka milo miwili mitatu hadi mitatu minne, kutoka chakula kilichopondwa hadi kile cha sufuria ya nyumba nzima. Muuguzi anayeandika tarehe ya kurudi kwenye kadi ya mwezi wa tisa huandika ya mwezi ujao, kwa ajili ya uzito tu, na huuliza mtoto amekula nini tangu jana.