Kasuku Hasemi kwa Ulimi

Swali limerudi tena: ulimi wa kasuku ukatwe kwa wembe au ukwanguliwe, na afanyiwe hivyo akiwa na umri gani ili aseme? Wenye huruma kidogo huuliza alishwe pilipili kichaa kiasi gani hadi ulimi ulegee. Jibu ni lile lile. Usimkate, na pilipili haitamfundisha neno hata moja. Anayeuliza hivyo amekwisha kuamua kwamba usemi umefungwa mdomoni, kilichobaki ni kupata cha kuufungulia. Usemi wa ndege uko kichwani, katika njia za neva ambazo kasuku amezirithi na njiwa hakuzirithi, na hakuna kitu kinachouzwa Kariakoo kinachoweza kumpa ndege njia hizo kama hakuzaliwa nazo.

Tuanze na sauti yenyewe. Binadamu hutoa sauti kwenye zoloto, juu ya koo. Ndege hutumia sirinksi, kiungo kidogo kilicho chini kabisa, pale bomba la hewa linapogawanyika kuelekea mapafu mawili. Kuku anayesubiri mnunuzi sokoni Kisutu anayo sirinksi na anao ulimi, njiwa vilevile. Kama ulimi mzito ndio kizuizi, basi kwa karne zote ambazo watu wamefuga kuku, angetokea jogoo mmoja mwenye ulimi mwepesi akatusalimia. Nimewahi kujibiwa kwamba kasuku, tofauti na kuku, hutumia ulimi kuchonga sauti. Ni kweli kabisa. Mwaka 2004 Gabriël Beckers na wenzake walionyesha, kwa kasuku wa Amerika Kusini, kwamba ulimi ukisogezwa kidogo tu sauti inayotoka hubadilika, kwa namna inayokaribiana na irabu zetu. Lakini hoja hiyo inamgeukia mwenye wembe: kama ulimi unasaidia kuunda sauti, kuukata ni kumwondolea ndege kifaa anachokihitaji. Isitoshe, kasuku hugeuza na kumenya mbegu kwa ulimi. Ukimjeruhi, atatoka damu, atashindwa kula, na anaweza kufa. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008, hapa Tanzania, ilitungwa kuzuia ukatili wa namna hii, na kuuita mafunzo hakuufanyi uwe kitu kingine. Kuhusu pilipili, mwaka 2002 Sven-Eric Jordt na David Julius walionyesha kwamba kipokezi cha neva ambacho kwetu huwashwa na kapsaisini, kwa kuku hakiitikii kemikali hiyo. Ndege hula pilipili bila kuungua, na ndio wanaosambaza mbegu za pilipili mwitu. Ulimi usiohisi ukali utalegezwaje na ukali?

Hubaki shahidi wa mwisho, yule anayeapa kwamba wake alianza kusema baada ya kukatwa. Simwiti mwongo. Ila kasuku huyo alikuwa mchanga, aliletwa katika nyumba yenye watu wanaozungumza kutwa, akakaa nao miezi. Angesema bila kuguswa. Ushahidi wa maana ungekuwa kasuku wawili wa umri mmoja, malezi mamoja, mmoja akatwe na mwingine aachwe. Na hakuna sababu ya kumtesa ndege ili kujibu swali ambalo majibu yake tunayo.

Majibu hayo yalianza kupatikana zamani. Miaka ya 1960 Masakazu Konishi alionyesha kwamba kuku aliyeondolewa usikivu akiwa kifaranga hukua na kutoa sauti za kawaida za kuku, kwa kuwa amezaliwa nazo. Ndege mmoja mdogo wa Marekani anayefanana na shomoro, akipoteza usikivu kabla ya kuanza kuimba, hubaki na makelele yasiyo na umbo la wimbo wa wenziwe. Wa kwanza hazaliwi na haja ya kujifunza sauti. Wa pili hawezi kuimba bila kujifunza. Mwaka 1976 Fernando Nottebohm na wenzake waliichora ramani ya tofauti hiyo ndani ya ubongo wa kanari, ndugu wa chiriku wetu: vituo vya ubongo wa mbele vilivyounganishwa hadi kwenye neva zinazoongoza sirinksi. Baadaye ikadhihirika kuwa kuna mzunguko wa pili wa vituo. Kinda akiharibiwa sehemu ya mzunguko huo hashiki wimbo, ilhali ndege mkubwa aliyekwisha kujifunza, akiharibiwa vivyo hivyo, huendelea kuimba. Kuku na njiwa hawana mfumo huo. Kunguru anao. Kunguru huyu wa Dar, aliyeletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890, yumo katika kundi la ndege waimbao pamoja na kurumbiza na chiriku, hata kama anayeamshwa naye kila alfajiri atakataa. Njiwa tunayemsifia sauti yake ndiye hayumo.

Mfumo huu ulitoka wapi? Ndege wanaojifunza sauti ni makundi matatu: waimbao, kasuku, na ndege wavumao wa Amerika. Hao wa mwisho wako mbali sana na wengine katika ukoo. Mtu anaweza kudai kwamba babu wa ndege wote alikuwa nao, wengi wakaupoteza. Lakini dai hilo linahitaji hasara nyingi mno, katika koo nyingi mno. Maelezo yenye nguvu zaidi yalitolewa mwaka 2008 na kikundi cha Erich Jarvis: katika makundi yote matatu, vituo vya kujifunza sauti vimepakana na maeneo yanayoamka mabawa na miguu vinaposogea. Inaelekea njia ya zamani ya kuongoza mwendo ilirudufiwa, na nakala yake ikaunganishwa na misuli ya sauti, mara zaidi ya moja. Kasuku walikwenda mbele zaidi: utafiti wa 2015 ulionyesha kwamba kila kituo chao kimezungukwa na tabaka la ziada lisiloonekana kwa ndege wengine. Na kujifunza sauti hakuko kwa ndege peke yao. Mlaika, tembo yatima wa Tsavo, aliiga muungurumo wa malori ya barabara ya Nairobi na Mombasa, kama ilivyoripotiwa mwaka 2005. Hakuna aliyegusa ulimi wake.

Ya kufanya, basi. Usinunue kasuku wa kijivu mtaani: tangu Januari 2017 biashara ya kimataifa ya waliokamatwa porini imepigwa marufuku, na kumkamata wa porini nchini bila kibali ni kosa. Uliye naye kihalali, mweke sebuleni, si uani peke yake. Sema naye kila siku, maneno machache, kwa wakati wake: salamu akifunuliwa asubuhi, jina la chakula akipewa. Redio si mwalimu mzuri, haijibizani naye. Mchanga hujifunza upesi kuliko mzee. Asiposema, mpe mluzi. Akiwa amekwisha kukatwa, mpeleke kwa daktari wa mifugo leo hii, na usimpake kitu njiani.